Kinywa cha Mshtakiwa

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuiacha pwani, msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kazeh, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika nchi ya Unyanyembe, pale ambapo leo tunapaita Tabora. Mbele ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Nyuma yake walifuatana wapagazi, mabegani mwao robota za merikani, shanga na waya wa shaba. Mizigo hiyo ilihesabiwa na kuandikwa daftarini. Mzigo mmoja haukuandikwa na karani yeyote, nao umedumu kuliko merikani yote iliyopita njia ile: Kiswahili, na ndani ya Kiswahili maneno ya barazani. Shahidi. Dhamana. Hukumu. Shauri.

Nalifuata neno hili la mwisho kwa sababu limebeba historia ya mtu ambaye vitabu vyetu humtaja kwa haraka na kumwacha. Tunawajua watemi, maliwali, mabwana shauri na majaji. Yule aliyesimamishwa mbele yao akaulizwa "Unasemaje?" tunamjua kwa nadra, na mara nyingi tunachokijua ni adhabu aliyopewa. Swali langu ni dogo: alipofungua kinywa, nani alimsikia, na kwa lugha gani?

Katika Unyanyembe ya miaka ile palikuwa na njia tatu za kuhukumiwa, na zote ziliweza kukutana ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu.

Ya kwanza ilikuwa ya mtemi. Makao yake, Itetemia, yalikuwa nje kidogo ya mtaa wa Waarabu. Wanyamwezi huyaita makao ya mtemi ikulu, neno ambalo leo tumeipa nyumba ya rais. Shauri lilisikilizwa mchana, hadharani, wanyampala wakiwa wameketi. Mshtakiwa hakuja peke yake. Alikuja na ndugu zake, kwa kuwa deni la kosa lilikuwa la ukoo: yeye akishindwa kulipa ng'ombe au mbuzi, wao walilipa, kwa hiyo walikuwa na haki ya kusema, na walisema. Tena kukiri hakukulifunga shauri. Mtu akisema "Ndiyo, nilimpiga," hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Ulimpiga kwa nini? Nani alianza? Mlikuwa na ugomvi gani wa zamani? Sasa unatoa nini ili yaishe? Msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Sitaki kumpamba mtemi. Tuhuma ilipokuwa ya uchawi, mazungumzo yale yote yalikoma na mwavi ukaletwa. Mara nyingi sumu ilinyweshwa kuku kwa niaba ya mtu, na namna kuku alivyokufa au kupona ndiyo ilikuwa majibu ya mshtakiwa. Mtu aliyekuwa na ulimi wake, macho yake na kumbukumbu ya alipolala usiku ule, alikaa kimya akimtazama kuku. Na mtumwa, ambaye katika Tabora ya biashara alikuwapo kila uani, hakuwa na ukoo wa kusimama naye. Baraza lililotegemea ndugu lilimwacha mtu asiye na ndugu bila kinywa kabisa.

Ya pili ilikuwa ya liwali. Said bin Salim, ambaye aliwahi kuwa kiongozi wa msafara wa Burton, baadaye alikuwa liwali wa Sultani hapo Unyanyembe. Wafanyabiashara walipelekana kwake kwa madeni ya pembe na baruti. Waislamu walihukumiana kwa sheria yao: anayedai alete ushahidi, anayekana ale kiapo. Kanuni hiyo ina jambo kubwa ndani yake. Mzigo wa kuthibitisha anaubeba mwenye madai, na mwenye kukana halazimiki kuthibitisha kwamba hakufanya. Kanuni ya namna hiyo ilitamkwa kwenye baraza za Unyanyembe muda mrefu kabla ya wakili yeyote wa Kizungu kutia mguu nchini.

Ya tatu ilikuwa ya msafara wenyewe, nayo haikuwa na baraza. Mpagazi aliyetia alama kwenye mkataba Zanzibar au Bagamoyo na kisha akatoroka na mshahara wa mwanzo alipokamatwa hakuulizwa kama alikuwa mgonjwa, au kama mzigo ulizidi uzito waliokubaliana, au kama chakula kilipunguzwa. Henry Morton Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871 na tena na Livingstone mwaka 1872, aliandika bila kuficha jinsi alivyowachapa na kuwafunga minyororo watoro. Mwenye msafara alikuwa mlalamikaji, shahidi, hakimu na mwenye kiboko. Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya njia ile kuliko kabila jingine lolote, walijifunza sheria ya namna hii mgongoni mwao, na ilikuwa njiani kuja kuwa sheria ya nchi.

Wajerumani walipofika Tabora mtemi alikuwa Isike, naye hakukubali. Aliwapiga vita mwaka 1892, na Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kikaivunja ngome yake. Isike aliingia ghala la baruti akajilipua pamoja na watu wa nyumba yake. Hakufa papo hapo. Waliomkuta walimtoa akiwa nusu mfu wakamnyonga. Mtu huyo alikuwa mkuu wa mahakama ya watu wake. Kesi zao ziliishia kwake. Yeye mwenyewe hakusomewa shitaka wala hakuulizwa neno. Kila nipitapo karibu na boma la Tabora hulifikiria hilo: uhakimu wa serikali mpya katika mji huu ulianza kwa kumtundika hakimu wa zamani bila shauri.

Na hata hivyo Wajerumani walilichukua neno letu. Waliliandika kwa tahajia yao, Schauri, na kuliingiza katika lugha ya ofisi. Siku ya shauri, watu walikusanyika barazani kwa bwana wa wilaya. Maakida na majumbe walileta watuhumiwa wao. Lugha ilikuwa Kiswahili, na hapa ni lazima tuwe waadilifu: kwa Mnyamwezi aliyekwisha kwenda pwani na kurudi mara tatu nne, Kiswahili kilikuwa lugha anayoielewa. Alisikia alichoshtakiwa. Aliweza kujibu bila mtu wa katikati. Kwa mwanamke wa kijijini ambaye hakuwahi kuvuka mto Igombe, habari ilikuwa nyingine.

Mwaka 1896 Berlin ilitoa amri juu ya adhabu za wenyeji. Kutesa mtu ili akiri kulikatazwa. Viboko viliwekewa kipimo: visizidi 25 kwa mara moja, na awamu ya pili ingojee wiki mbili. Wanawake wasichapwe, Waarabu na Wahindi nao wasichapwe. Kwa karatasi huo ulikuwa mpaka. Barazani ulikuwa kipimo cha kawaida, na watu wakakipa jina, hamsa ishirini, jina ambalo wazee wa nchi hii waliendelea kulitamka muda mrefu baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka. Amri haikumpa mshtakiwa mtetezi, haikumtenganisha mwendesha mashtaka na hakimu, na haikumpa rufaa ya maana. Mzungu aliyekosa alikwenda mahakama nyingine, yenye jaji aliyesomea sheria na kitabu cha sheria za Ujerumani. Mji mmoja, kosa moja, na milango miwili.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na njia ya misafara ikaanza kuota nyasi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, kisha wakaja Waingereza.

Hapa ndipo panapostahili kukaliwa, kwa sababu mpangilio wa kizimba tunaoujua leo ulijengwa wakati huo. Mwaka 1920 iliundwa Mahakama Kuu ya Tanganyika, na sheria za jinai zilizotumika mwanzoni zililetwa kutoka India. Mwaka 1930 zikaja Kanuni ya Adhabu na Kanuni ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo Mjerumani hakuwahi kuvitoa: hati ya mashtaka yenye kosa lililotajwa, haki ya kuwauliza maswali mashahidi, haki ya kuita mashahidi wako, haki ya kunyamaza, rufaa hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mtu akiisoma sheria ile peke yake, bila kuuangalia mji, ataona ni nyumba nzuri.

Lakini wengi wa watu wa Tabora hawakuingia katika nyumba hiyo. Mwaka 1929 Gavana Donald Cameron alipitisha sheria ya mahakama za wenyeji iliyoziweka mbali na macho ya Mahakama Kuu. Mtemi alikaa tena kitini, wazee pembeni, karani akiandika kesi kwa Kiswahili. Rufaa ilipanda kwa watawala: kwa bwana shauri, kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa jimbo, hadi kwa gavana. Mawakili walikatazwa kukanyaga humo. Hoja ilikuwa kwamba wakili ataharibu unyoofu wa mila. Upo ukweli kidogo katika hoja hiyo, nami siukatai. Ndugu wa mshtakiwa walikuwa bado wanaweza kusema. Ila mtemi huyu hakuwa yule wa Itetemia ya 1857. Huyu alilipwa mshahara na serikali, alikusanya kodi, alitoa amri za kilimo, kisha akamhukumu aliyezivunja. Mwananchi aliyeshtakiwa kwa kutolipa kodi alijitetea mbele ya mkusanya kodi.

Kesi nzito, mauaji hasa, zilikwenda Mahakama Kuu. Jaji alikuja kwa zamu, na mshtakiwa alimngoja mahabusu. Mwaka 1933 tume iliyoongozwa na H. G. Bushe ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuchunguza namna haki za jinai zinavyotolewa. Ilitaka kesi nzito zisikilizwe na mahakama zenye watu waliosomea sheria badala ya maofisa utawala. Magavana hawakufurahi, kwao mwenye mamlaka ya kutawala na mwenye mamlaka ya kuhukumu walipaswa kuwa mtu mmoja, la sivyo heshima ya serikali ingepungua. Ndiyo hoja ya mwenye msafara, imevaa suti.

Tumtazame mshtakiwa wa mauaji siku jaji alipofika. Tuseme ni Msukuma au Mnyamwezi asiyejua Kiswahili vizuri. Shitaka linasomwa kwa Kiingereza. Mkalimani analigeuza kwa Kiswahili, mwingine analigeuza kwa Kinyamwezi. Anajibu. Maneno yake yanasafiri njia ile ile kurudi: Kinyamwezi, Kiswahili, Kiingereza. Jaji anaandika kwa mkono wake. Kinachobaki katika jalada, kinachosomwa Nairobi kwenye rufaa, kinachoamua kama atanyongwa, ni Kiingereza cha "mimi" ambacho hakikupata kutoka kinywani mwake. Wazee wa baraza waliketi na jaji wakatoa maoni yao, na walijua mila. Jaji hakulazimika kuyafuata.

Sasa lile jambo nililoomba lishikwe. Mtu aliyezoea baraza ambako kukiri ndiko kunakofungua mazungumzo anaulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Anajibu kama alivyofunzwa na wazazi, kwa kuwa kusema uongo mbele ya wakubwa ni aibu: "Ni kweli." Anangoja swali la pili, la kwa nini. Haliji. Katika sheria ya Kiingereza "ni kweli" hufunga mlango. Kinachofuata ni adhabu. Alikuwa na la kusema, kwamba mwenzake ndiye aliyeanza na panga, kwamba ng'ombe alikuwa wake tangu awali, kwamba alipewa mali ile akaihifadhi bila kujua ni ya wizi. Yote hayo yamebaki kooni. Naamini maneno haya mawili yamejaza magereza ya nchi yetu kuliko ushahidi wa mashahidi wengi, na waliofungwa nayo wengi wao walidhani ndiyo kwanza kesi inaanza.

Utawala wa kikoloni wenyewe uliwahi kukutana na mshtakiwa wa aina nyingine. Kapenguria, Kenya, mwaka 1952, wakili D. N. Pritt kutoka London alimtetea Jomo Kenyatta na wenzake, na moja ya vita vya mwanzo ilikuwa juu ya mkalimani. Serikali ilimweka Louis Leakey, aliyekulia kati ya Wakikuyu na kukijua Kikikuyu barabara, lakini aliyekwisha kuandika dhidi ya Mau Mau. Upande wa utetezi ulimpinga mpaka akajitoa. Pritt alielewa kwamba anayeshika kinywa cha mshtakiwa ameshika nusu ya kesi.

Pritt huyo huyo alikuja Dar es Salaam mwaka 1958. Januari ya mwaka huo TANU ilikuwa imefanya mkutano wake mkuu Tabora, ule wa Uamuzi wa Busara, uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Julius Nyerere aliujua mji. Alifundisha shule ya Mtakatifu Maria hapo baada ya kutoka Makerere. Miezi michache baada ya mkutano akaandika katika Sauti ya TANU juu ya mwenendo wa maofisa wawili wa wilaya, na serikali ikamshtaki kwa kashfa ya jinai. Alisimama kizimbani na mawakili watatu: Pritt, M. N. Rattansey na K. L. Jhaveri. Aliijua lugha ya mahakama kuliko wengi waliokuwa chumbani. Alisomewa, akakana, akatoa ushahidi, akayabeba mwenyewe maneno aliyoandika. Alipatikana na hatia kwa mashtaka mawili kati ya matatu, akaambiwa alipe pauni 150 au aende jela miezi sita. Fedha zikalipwa. Naileta kesi hii kwa sababu inaonyesha haki zile za kwenye karatasi zilivyo pale zinapopewa mtu kamili: kuelewa, kutetewa, kusikilizwa, kukata rufaa akitaka. Siku hizo hizo, katika mahakama za wenyeji za Unyanyembe, mkulima aliyeshtakiwa hakuruhusiwa hata wakili mmoja.

Uhuru ulipokuja, wizara ya sheria ilikwenda kwa mtu wa Tabora. Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe tangu 1957, alikuwa waziri wa sheria wa kwanza wa Tanganyika. Mjukuu wa kiti kile cha Itetemia alikuwamo serikalini wakati kiti chenyewe kinaondolewa uhakimu. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huo, iliyoanza kazi Julai 1964, ikaunganisha mahakama zote katika ngazi moja. Mtu mweusi na mtu mweupe, mkulima wa Sikonge na mfanyabiashara wa mjini, wakaanza kuingia mlango mmoja. Chini kabisa ikawekwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, hakimu na wazee wa baraza pamoja. Hili ni jambo kubwa, na tunalichukulia kama maji ya mvua kwa sababu tumelizoea.

Marufuku ya mawakili, hata hivyo, ilirithiwa. Mahakama ya Mwanzo iliendelea kuwafungia mlango, kwa hoja ile ile ya unyoofu, na kwa sababu nyingine ya kweli kabisa: mawakili wenyewe hawakuwapo. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, na Watanganyika Waafrika waliokuwa mawakili siku ya uhuru walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya msaada wa mawakili katika kesi za jinai, ikimruhusu jaji au hakimu kuagiza mshtakiwa maskini apewe mtetezi. Kwa mauaji ilitumika. Kwa makosa mengine mshtakiwa alijitetea mwenyewe, akimhoji askari wa upelelezi kwa namna anavyomhoji jirani, "Wewe si unanijua?", na karani akaandika kwamba swali halikuulizwa.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua rufaa ya mtu aitwaye Adan, na uamuzi huo ulistahili kubandikwa ukutani katika kila mahakama ya njia hii. Shitaka na vipengele vyake vyote, ilisema, visomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, jibu liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza lake. Akiongeza jambo linalotia shaka hatia yake, kukiri kufutwe na iandikwe kuwa amekana. Majaji wale huenda hawakufikiria Itetemia hata kidogo. Lakini walilirudisha swali la pili, lile la kwa nini.

Miaka mitatu baadaye, kaskazini ya Tabora, mambo yakaenda kinyume kabisa. Mwaka 1976, katika Shinyanga na Mwanza, vyombo vya dola vilikuwa vikiwasaka wauaji wa vikongwe walioshukiwa uchawi. Watuhumiwa walikusanywa, wakateswa wakiwa mikononi mwa serikali, na baadhi yao wakafa. Kilichofuata ni nadra katika historia yetu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Baadhi ya maofisa walishtakiwa nao wakasimama kizimbani na kufungwa. Watu humkumbuka Mwinyi kwa heshima hiyo, na ni haki. Nami nataka wakumbukwe pia waliofia mahabusu, ambao walishukiwa kwa jambo baya sana na wakafa wakiwa bado watuhumiwa, kabla mahakama yoyote haijawauliza wanasemaje.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilijaribu kuweka uzio katika chumba kile cha mahojiano. Polisi wana saa nne za kumhoji aliyekamatwa, na zikihitajika zaidi utaratibu wa kuziongeza umewekwa. Ajulishwe kosa lake. Aonywe kwamba hana lazima ya kujibu. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yamefutwa mara nyingi na Mahakama ya Rufani, hata kesi nzima ikianguka.

Katika miaka hiyo hiyo wanavijiji wa Kahama, Nzega na Igunga walikuwa wameunda chombo chao cha ulinzi na hukumu. Baada ya vita ya Kagera bunduki zilizagaa, ng'ombe wakaibwa kwa silaha, na mahakama za wilaya zikaonekana mbali na zenye kununulika. Kuanzia mwaka 1982 hivi, Sungusungu walitanda Unyamwezi na Usukuma wakiwa na pinde, filimbi na mwano, ukelele wa kuita msaada. Waliwakamata wezi wa mifugo kwa kasi ambayo polisi hawakuwa nayo, na mwaka 1989 Bunge likawapa mamlaka ya ukamataji kisheria. Mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake hatakubali Sungusungu wasemwe vibaya, na mimi simlaumu. Ila baraza lao lilirudisha nguvu na udhaifu wa baraza la kale kwa pamoja. Mshtakiwa alisikilizwa kwa lugha yake, na majirani wanaomjua, palepale kijijini. Na kama majirani walikwisha kumchukia, kama alikuwa mjane mzee mwenye macho mekundu, au mgeni asiye na ukoo, hakuwa na pa kukimbilia.

Jawabu la hali hiyo liliingizwa katika Katiba mwaka 1984, pamoja na haki nyingine za binadamu: ibara ya 13(6) inasema mtu asikilizwe kikamilifu, awe na haki ya kukata rufaa, na asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Serikali ilijipa miaka mitatu kabla ya haki hizo kudaiwa mahakamani. Machi 1988 mlango ulifunguliwa, na mmoja wa waliopita wa kwanza alikuwa mshtakiwa wa wizi wa kutumia nguvu kutoka Musoma, Daudi Pete, aliyenyimwa dhamana kwa amri ya sheria bila hakimu kuruhusiwa kumpima. Jaji James Mwalusanya alikubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakasema kifungu kile kilikuwa kinyume cha Katiba. Mabishano juu ya dhamana hayajakwisha hadi leo. Yapo mashtaka ambayo bado mtu hukaa mahabusu kwa miaka akiambiwa kila baada ya siku 14 kwamba upelelezi haujakamilika.

Mwaka 2006, katika rufaa ya Mussa Mwaikunda iliyosikilizwa Mbeya, Mahakama ya Rufani ilitaja vipimo vya chini vya kesi ya haki. Nikivisoma naona karibu vyote ni vya masikio na kinywa: mshtakiwa aelewe asili ya shitaka, aelewe kinachoendelea, aufuate mwenendo, aelewe uzito wa ushahidi unaotolewa dhidi yake, aweze kutoa jibu lake.

Kuelewa, basi. Na mpaka juzi Mahakama Kuu ya Tabora iliandika kwa Kiingereza. Shahidi alisema Kiswahili, wakili akauliza Kiswahili, jaji Mswahili akasikia Kiswahili, kisha akaandika Kiingereza. Na mshtakiwa aliyepewa nakala ya hukumu yake gerezani alitafuta mfungwa mwenzake wa kumsomea kwa nini amefungwa miaka 30. Februari 2021, katika Siku ya Sheria Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili na kumteua Mahakama ya Rufani. Mwezi huo Bunge likapitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Mwaka huo pia sheria ililegezwa ili wakili aweze kuingia Mahakama ya Mwanzo inapoendeshwa na hakimu mkazi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini, wasio mawakili, ambao angalau humweleza mtu maana ya karatasi aliyopewa. Lugha iliyopanda na wapagazi kutoka Bagamoyo imefika jaladani baada ya zaidi ya miaka 160.

Njia ya misafara leo ni lami na reli. Katika Mahakama ya Mwanzo yoyote kati ya Nzega na Urambo, asubuhi, karani huita jina, mtu husimama, na hakimu husoma shitaka polepole: siku fulani, mahali fulani, uliiba baiskeli, mali ya fulani. Ni kweli au si kweli? Mtu huyo huangalia ndugu zake walioketi benchi la nyuma, ambao sasa hawaruhusiwi kusema. "Ni kweli, Mheshimiwa, niliichukua," husema, "lakini baiskeli ile tuliinunua wawili." Hakimu anayeijua kazi yake husimamisha kalamu hapo, humwomba arudie, huandika lakini ile na yote yanayoifuata, kisha pembeni huandika kwamba mshtakiwa amekana, na huuliza mashahidi wako wapi.